Gauni la Kumpokea Bi Kesho

Mdogo wangu tulimpachika jina la Bi Kesho tangu utotoni, na hajawahi kutuangusha. Mwaka jana, siku ya mwisho wa mwaka, alipiga simu akaapa kwamba mwaka huu atakuja kumwona mama kila mwezi. Mama akaamini. Akaniletea kitambaa cha bluu kwenye cherehani yangu, nimshonee gauni la kumpokea.

Gauni likaisha, mgeni hakuja. Mama akaanza kuumwa. Kila Bi Kesho aliposema yuko njiani, mama alilivaa akakaa sebuleni kutazama mlango, na kila mara lilikuwa limempwaya. Nikalibana mbavuni. Nikalibana tena. Nilitaka kukata kitambaa kilichozidi kwa ndani, akanikatalia.

"Kiache. Nitanenepa akija mwanangu."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama ilimmaliza mwili mzima.

Mazishini Bi Kesho aliwahi, tena kuliko majirani.

Leo mwaka unaisha, naye kaja kibandani kwangu, kakalia kiti cha wateja, ananimwagia ahadi za mwakani: kaburi atalijengea, mimi atanipigia kila Jumapili. Nilimchukia saa ile, sifichi. Nikamwambia ya mwakani ayaweke, tuutazame kwanza huu uliotupita. Akainamisha kichwa. Kisha akaomba gauni la mama, awe nalo yeye.

Nikalitoa. Akajaribu kulivaa, likamkwama kifuani. Ana mwili aliokuwa nao mama zamani. Akapapasa ubavuni, akasikia kitambaa kilivyojaa, akaniuliza kama naweza kulitanua.

Nikaligeuza ndani nje, nikalitandaza mezani. Mishono ilikuwa imefuatana, kila mmoja na rangi yake, maana nilishona kwa uzi wowote uliokuwa kwenye cherehani.

"Huu mweupe, ulisema gari limeharibika. Huu wa kijani, una wageni." Nikamkabidhi wembe. "Fumua mwenyewe. Anza na huu mweusi, ndio wa mwisho. Nilishona siku uliyosema umeshafika stendi."

Akaushika wembe, hakukata.

"Ulikuwa umefika kweli?" nikamuuliza.

"Nilikuwa kwangu, dada. Nimelala."

"Alikaa akitazama mlango mpaka giza likaingia," nikamwambia. "Haya, fumua."