Jina la Ng'ombe

Tangu wakimbie kijiji chao cha Nyantende mwaka ule wa vita, ngozi ya mama wa Nsimire ilikuwa imepasuka miguuni na mikononi. Mafuta ya dukani yalimwasha. Alitaka siagi ya ng'ombe, ile aliyopakwa tangu utoto, lakini siyo ya wizi.

"Uulize jina ya ng'ombe," alimwagiza binti yake. "Kama muuzaji haijue, ni ng'ombe ya kuibwa. Miye sijipake machozi ya watu."

Kwao kila ng'ombe alikuwa na jina, na aliyemkamua alilijua.

Siagi ilijaa soko la Nyawera, mjini walikokimbilia, maana askari walikuwa wamefagia ng'ombe wa mazizi ya vijijini. Siku mbili Nsimire aliuliza, siku mbili wauzaji wakamcheka.

"Maman, unapaka jina ao siagi?"

Siku ya tatu mwanamke mmoja hakucheka. Alifungua jani la mgomba, ndani mlikuwa na siagi kidogo tu.

"Iko Bihogo," alisema. "Nilimukamua miaka saba. Juzi walimuchinja mbele yangu. Hii ndiyo ya mwisho."

Jioni Nsimire alimpaka mama yake taratibu, kidole kwa kidole.

"Jina yake?"

"Bihogo."

"Na iko muzima?"

Nsimire alichota siagi nyingine. "Iko muzima, mama."

Mama alifungua fundo la kitenge chake, akatoa chumvi kidogo aliyoificha tangu wakimbie, akamwekea mkononi.

"Kesho umupelekee. Ng'ombe inapenda chumvi."