Mshale Mwekundu

Mtaalamu wa kompyuta alichora visanduku viwili ubaoni, kimoja cha maagizo ya wateja, kingine cha ghala, akaviunganisha kwa mshale mwekundu.

"Sasa mifumo hii inaongea yenyewe," akatamba. Mkurugenzi akapiga makofi kama mtoto aliyeonyeshwa mazingaombwe.

Karani wa maagizo alibana kicheko. Bure kabisa, wote wawili! Miezi mitatu mshale huo ulikuwa yeye: anasoma agizo kwenye kompyuta ya kushoto, anageuka, analiandika upya kwenye ya kulia, ya ghala. Mtaalamu na majivuno yake hakuwahi kutia mguu ofisini kwake.

"Bosi, na ile likizo yangu?"

"Nenda tu, mama. Kila kitu kinajiendesha."

Akachukua mkoba. Mlangoni akaugeukia mshale.

"Haya, kazi kwako."