Kwa Merila Hakuna Hodi

Kwetu watu waliingia tu. Mtu akitaka kuazima chungu alipanda gari letu la ng'ombe, ndilo nyumba yetu, akasukuma pazia la ngozi, akachukua chungu na kwenda zake, hata kama mimi nimo ndani nabadilisha nguo. Ukimlalamikia anakujibu, "Hodi ya nini? Kwa Merila hakuna hodi!" Na wanaopita wanacheka hadi wanashika mbavu.

Merila ni babu yetu mzaa baba. Zamani, ng'ambo ya mto Danubi, wale wapanda farasi wa mashariki walipotushukia sisi Wagothi, gari lake ndilo lililokuwa gari la mlangoni. Magari yanapangwa mviringo, gurudumu kwa gurudumu, yanafungwa kwa kamba za ngozi, watoto na ng'ombe wanakaa katikati. Pengo moja linaachwa ili wapiganaji wetu wakirudi wapate pa kuingilia. Wakishaingia, gari la mlangoni linaachiwa, linaziba pengo. Siku ile wote waliingia isipokuwa mwanawe babu, aliyekuwa nyuma na farasi anayechechemea. Babu akamngoja. Mwana akaingia, na adui wakaingia pamoja naye.

Bibi Baren alipoteza mume na mtoto ndani ya boma lile la magari siku hiyo. Mwana aliyengojwa alitoka mzima. Akaoa, akanizaa mimi, Ranilda, kisha akamzaa mdogo wangu Hunila. Kwa hiyo Baren aliponitupia maneno, na alinitupia kila siku ya Mungu, ningemjibu nini? Mdomo ninao, na hasira ninazo za kugawia kijiji, lakini kwa Baren nilikuwa nameza tu.

Sasa sikieni ya Thrakia, nchi ya Warumi tuliyohamia baadaye.

Ilikuwa kiangazi, jua kali, majani yamekauka, akiba ya mtama imebaki vumbi. Wapanda farasi wetu waliondoka alfajiri kutafuta nafaka na malisho. Hunila alikuwa miongoni mwao, juu ya yule farasi wake jike mwekundu, mnene kuliko mwenyewe, na mwenyewe si mwembamba.

"Dada, leo nakuletea jibini," aliniambia akifunga tandiko. "Kuna shamba la Mrumi kule bondeni. Jibini limepangwa darini kama matofali."

"Niletee kichwa chako kikiwa juu ya shingo. Jibini utakula wewe."

"Vyote viwili nitaleta!" akacheka, akaondoka akiimba. Sauti yake mbaya, lakini hana habari.

Jua lilipokuwa utosini, mlinzi aliyekuwa juu ya gari refu akapiga kelele. Vumbi! Vumbi upande wa bonde, na nyuma yake vumbi jingine, zito zaidi. Wetu walikuwa wanarudi mbio, na Warumi wako mgongoni mwao.

Boma lilichemka. Wanawake walimwagia maji ngozi za magari zisishike moto, wazee walishika pinde, watoto wakabeba mawe kwenye nguo zao. Ufita, mkuu wetu, mzee mwenye jicho moja linaloona kuliko mawili yako, alikwenda mlangoni kukagua. Akakuta balaa. Gari la mlangoni lilikuwa la akina Gudiluba, na walipolisukuma kulipandisha kwenye kimwinuko chake kando ya pengo, ekseli ikakatika katikati. Likalala pale kama ng'ombe aliyegoma.

"Liburuteni ndani!" Ufita alifoka. "Gari gani linafuata hapa pengoni?"

Kila mtu alijua gari gani linafuata.

"La nani? Mna midomo ya nini?"

"Langu, mkuu," nikasema.

"Hapana!" Baren alikuja anakimbia, uma wa kugeuzia majani mkononi. "Ufita, una wazimu? Hawa? Mtoto wa nyoka ni nyoka! Na yule mnene wao yuko nje, huyu atamngoja kama babu yake alivyongoja!"

"Magari mengine yote yamefungwa, mama. Tukianza kufungua kamba sasa Warumi watatukuta tunafungua."

"Basi nipe mimi nyundo ya kuliachia gari."

"Gari lake, nyundo yake. Ndiyo desturi." Ufita akanigeukia na lile jicho lake. "Binti, utaweza?"

Nilisema nitaweza. Nilisema kwa sauti kubwa, ili na Baren asikie.

Tukalipandisha gari letu juu ya kimwinuko, watu wengi, mabega chini, tukitukanana kwa nguvu zote, maana bila matusi gari halipandi. Nikaingiza kabari ya mwaloni chini ya gurudumu. Ukiipiga kabari ile ikatoka, gari linateremka lenyewe na kuziba pengo. Kulirudisha juu kunahitaji ng'ombe na nusu ya kabila. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikasimama na nyundo ya mti. Baren akasimama karibu nami, uma mkononi, pumzi zake zikinigonga shingoni.

"Nitakuwa nakutazama," akasema.

"Tazama, bibi. Kutazama hakuuzwi."

Hilo nilimjibu. La kwanza maishani mwangu. Hata mwenyewe nilishtuka.

Wakaja! Wa mbele wakapita pengoni kwa kishindo, farasi wanatoa povu, wapandaji wamelala juu ya shingo zao, magunia ya nafaka yanarukaruka. Nikawa naangalia nyuso. Huyu siye. Huyu siye. Kundi jingine likaingia, wengine wawili juu ya farasi mmoja, mmoja ana mshale pajani na bado anatukana. Waliokwisha kuingia waliruka chini, wakakamata mikuki, wakapanda juu ya magari.

"Hunila yuko wapi?" nikamwuliza mmoja wao.

"Nyuma! Anawachelewesha Warumi!"

Nikamwona. Alikuwa peke yake uwanjani, mtu wa mwisho, na Warumi wamemkaribia kiasi kwamba vumbi lao na lake lilikuwa moja. Deraya zao zinang'aa, mikuki imelazwa. Alikwisha kurusha mikuki yake yote, kwa sababu nilimwona akipeleka mkono nyuma ya tandiko, akachomoa kitu cha mviringo, akageuka na kukirusha. Mrumi wa mbele kilimpata usoni, akaanguka na kumponza mwenzake wa nyuma.

"Nini kile?" Baren akauliza.

"Jibini," nikasema. Nilikuwa nalia na kucheka.

Boma zima lilipiga kelele. Akarusha jingine! Likamkosa mtu likampata farasi. Lakini yule jike mwekundu alikuwa amechoka. Nilizijua hatua zake, nilimlisha mwenyewe tangu akiwa mtoto, na niliona jinsi miguu ya nyuma ilivyoanza kutawanyika. Nikapima kwa macho. Hunila mpaka pengoni. Warumi mpaka kwa Hunila. Ukimwachia yeye apite, wawili au watatu watapita naye, na hao watatu wakisimama mlangoni gari haliwezi kuteremka tena, na nyuma yao wapo wengine wengi.

Nikainua nyundo.

Basi nikasikia sauti nyuma yangu, nyembamba, kama si ya mtu mzima.

"Mngoje."

Sikugeuka.

"Mngoje kidogo tu, mwanangu. Anafika. Tazama, uso wake unaonekana. Mngoje!"

Alikuwa Baren. Na kweli uso wa Hunila ulionekana. Nilimwona mdomo wazi, jasho, ndevu zimejaa vumbi, macho yameniangalia mimi, siyo pengo. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Nami nilijua pale pale alichokiona babu siku ile, na nilijua kwamba hakuwa mjinga wala mwoga.

Nikapiga. Pigo la kwanza kabari ikatetemeka. La pili ikaruka. Gari likalia, likateremka, likaziba pengo kwa kishindo kilichotikisa ardhi, na mimi nikaanguka kifudifudi nikipiga mayowe ambayo sitaki mtu aniigizie.

Nilingoja nisikie mdogo wangu akigonga mbao na kufa. Badala yake nikasikia kicheko.

"Safi, dada! Safi kabisa!"

Nikapanda gari kama paka. Hunila alikuwa amemgeuza farasi kushoto, mbele kabisa ya gurudumu, na sasa alikuwa anazunguka boma, magari yote yakiwa upande wake wa kulia. Warumi walimfuata kwa hasira bila kufikiri, na hapo ndipo nilipoelewa. Mtu hubeba ngao mkono wa kushoto. Ngao zao zote zilikuwa zinaangalia uwanja mtupu, na mbavu zao za kulia zinatuangalia sisi!

"Wapigeni!" Ufita akanguruma. "Anawaleta mezani, wapigeni!"

Ilikuwa raha, sitaficha. Kila gari alilolipita lilimwacha yeye na kuwashukia wao. Mikuki, mishale, mawe ya watoto, mawe ya kusagia, sufuria ya uji wa moto iliyomwagwa na mama mmoja mjamzito aliyekuwa hata kusimama hawezi. Wanaume walianza ule mlio wetu wa vita, unaoanza chini ya kifua, midomo kwenye ngao, na kupanda hadi nywele zinasimama, nasi wanawake tukaudaka. Mimi nilikimbia kutoka gari hadi gari nikimfuata, narukia ngozi, nakanyaga watu, naomba radhi, nakanyaga wengine.

Alipokaribia kumaliza mzunguko, waliomfuata walikuwa wachache, na hao wachache wakavuta hatamu, wakatazama nyuma walikopita, wakaona farasi wasio na watu. Wakageuza. Mguu niponye! Tukawazomea hadi sauti zikakauka.

Lakini mmoja hakugeuza. Jike mwekundu alipiga magoti karibu na gari letu, na Mrumi yule alikuwa anakuja na mkuki wake. Hunila akasimama juu ya tandiko, akaruka, akashika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Akaning'inia. Mzito jamani! Nikamshika mkanda, mkanda ukalegea.

"Dada, suruali!"

"Acha suruali, panda!"

Mkono mkavu wenye mishipa ukapita begani mwangu, ukamkamata ndevu. Baren. Alimvuta kama anayeng'oa kitunguu, Hunila akapiga ukelele mkubwa kuliko wote aliokwisha kupiga vitani, akapinduka ndani na kuniangukia. Mrumi akachoma mbao. Baren akamchoma yeye kwa uma, begani, naye akakimbilia wenzake bila mkuki.

Tulilala pale chini, mimi na mdogo wangu, tukihema.

"Ulinifungia," akasema.

"Nilikufungia."

"Ungenifungulia, ningekupiga." Kisha akashika kidevu chake. "Ndevu zangu zimebaki?"

Nilimpiga kofi, nikamkumbatia, nikampiga tena. Nilipoinua kichwa Baren hakuwepo.

Jioni ile boma zima lilikuwa shangwe. Jike mwekundu alinyanyuka, akanywa ndoo nzima, akawa anakula nyasi kama vile hakuna kilichotokea. Watu walikuja kumwona Hunila, wakampa pombe ya shayiri, wakamlazimisha asimulie tena habari ya jibini. Hakuna aliyeingia garini, yeye ndiye aliyekaa nje na kupokea sifa. Alipochoka akapanda ndani, tukafunga pazia, tukakata jibini la mwisho, moja tu lililobaki kwenye tandiko, gumu kama yale mengine. Tukawa tunatafuna.

Nje, mtu akakohoa.

"Hodi."

Hunila akaacha kutafuna. Tulitazamana. Tangu tuzaliwe neno hilo hatujawahi kulisikia kutoka upande ule wa pazia, na mimi, mwenye mdomo wangu, sikukumbuka jibu lake.

"Hodi humu ndani."

Nikafungua pazia. Baren alikuwa amesimama chini, amefunga kitambaa safi kichwani, macho yamevimba. Hakuweka mguu kwenye ngazi.

"Pale mlangoni," akasema taratibu, Hunila asisikie. "Ulinisikia nilivyosema?"

"Nilikusikia, bibi."

"Nilisema umngoje."

"Ndiyo."

"Mimi, Baren." Alijigonga kifua kwa vidole, kama anayemtambulisha mtu nisiyemjua. Machozi yakamshuka, naye hakuyafuta. "Miaka yote hii."

Nilitaka kulia naye na nilitaka kumwambia yote niliyokuwa nimemeza. Nikajivuta pembeni kumpa njia, nikashika pazia.

"Karibu, bibi Baren," nikasema. "Jibini limebaki."

Akafuta uso kwa kitambaa. Akakung'uta vumbi miguuni, mguu mmoja kisha wa pili, kama mtu anayeingia nyumba ya watu, ndipo akapanda.