Mchanga Una Wenyewe

Harufu ya mayai viza ilimpokea Noelene ngazini, kabla hajautua mfuko wa nyama. Mtu mwingine angekimbilia kuangalia choo. Yeye alijua pale pale kwamba kuna aliyetia mkono mchangani.

Nyumba yao ya mbao ilisimama juu ya nguzo, kama nyumba zote za zamani pale katika mji mdogo wa Innisfail, na sebuleni, upande usiopigwa na jua, lilikaa tangi la vioo la mumewe Athol. Humo mlikuwa na matumbawe, samaki na kamba, na chini yao mchanga wa kina cha shubiri na zaidi. Mchanga huo haukuguswa. Juu ulikuwa mweupe, wakitambaa konokono na viti vya pweza. Katikati walijichimbia minyoo myembamba. Na chini kabisa, pasipofika hewa, ulikuwa mweusi, na weusi huo ndio uliomaliza uchafu wa samaki. Ukiuacha ulivyo, unakutunzia maji. Ukiuchimbua, sumu yote inapanda.

Athol aliendesha garimoshi la miwa mpaka alipostaafu, na hakuwa mtu wa hotuba. Lakini mgeni aliyethubutu kusogeza kidole alikipata chake: "Mchanga una wenyewe, bwana. Hata mimi hapa ni mpangaji tu." Wajukuu walilikariri neno hilo kabla hawajajua kusoma.

Noelene akaingia. Athol alikuwa juu ya kigoda, mkono wa kulia umezama hadi begani, anakoroga. Maji yalikuwa kama ya kuoshea sufuria yenye masizi.

"Athol! Unafanya nini?"

"Nasafisha," alijibu kwa furaha. "Huoni uchafu uliojaa humu chini? Kerrie anakuja kula, atasema tunaishi kama nguruwe."

Kerrie alikuwa binti yao wa pekee, aliyekaa mji mwingine, Cairns. Wakati wa Krismasi, baada ya baba yake kupotea na gari katikati ya mashamba ya miwa hadi polisi wakamrudisha, alimbana mama yake jikoni. "Mama, nakwambia ukweli. Kikitokea kitu kingine, Baba anaenda nyumba ya wazee. Siwezi kukuzika wewe kwa ajili ya kumuuguza yeye." Kisha akalitupia macho tangi, sauti ikalainika. "Ila mtu anayeweza kulitunza tangi hivi, akili zake bado zipo."

Mfa maji haachi kutapatapa, na Noelene alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo, Athol akilala mchana, yeye alipima chumvi, akabadilisha maji, akakwangua ukungu wa kijani kwenye vioo. Mume alipoamka alikuta tangi linang'aa, akajipongeza. Ulikuwa uongo mzuri, wenye taa na pampu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika sebuleni.

"Shuka!" alimvuta shati. "Shuka, Athol, unawaua!"

Hapakuwa na nafasi ya kulia. Chini ya nyumba kulikuwa na pipa la maji safi ya bahari, lililowekwa na Athol mwenyewe kwa siku ya shida. Noelene alishuka na ndoo, akapanda, hata koti la mvua hakulivua. Samaki wawili wa manjano walikuwa wamekwisha kuelea matumbo juu. Gladys, samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, mkubwa kwa umri kuliko mjukuu wao wa kwanza, alikuwa juu ya maji akihema. Noelene alimteka kwa bakuli la saladi, akamtia ndooni pamoja na pampu ndogo ya hewa. Gladys akalala ubavu, mashavu yakifunguka na kufungika kwa shida.

Alipoinua uso, alimkuta Athol amesimama mbele ya tangi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani?" aliuliza. "Nani ametia mkono kwenye mchanga wangu?"

Mkono wake mwenyewe ulikuwa ukichuruzika maji juu ya zulia. Hakuwa anajificha wala hakuwa anadanganya. Noelene angeweza kumwambia ni wewe, na kabla chai haijachemka ingembidi amwambie tena, na kila mara ingemuuma upya.

"Mimi," alisema.

"Wewe? Wewe, bi mkubwa? Na miaka yote uliyokaa humu ndani?"

"Nilitaka kusafisha."

"Kusafisha! Si ungechukua na brashi ya choo kabisa!"

Akaanza kumfundisha. Minyoo na kazi yao, weupe na weusi, hewa inapoishia na kwa nini. Kidole chake kilipita kwenye kioo, asikosee wala asikwame. Mtu huyu ambaye asubuhi alishindwa kulitaja jina la kijiko! Noelene alisimama akikaripiwa kama mtoto, na moyoni akaomba asinyamaze.

Ngazi zikalia. "Jamani, nini kinanuka? Mama, umeunguza kabichi?" Kerrie alisimama mlangoni na keki zake za chokoleti na nazi, tabasamu likimpotea pole pole.

Athol alimwendea, akamshika mkono, akanong'ona kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi barabarani.

"Usimgombeze. Mama yako ametia mkono mchangani. Mama yako, Kerrie! Anaanza kusahau mambo. Siku nyingi naona, nikanyamaza. Usimwache peke yake."

Kerrie alimtazama mama yake, ambaye bado alikuwa na koti la mvua mwilini na mkoba wa sokoni begani. Kisha akautazama mkono uliomshika. Ulikuwa umelowa hadi begani, na kucha zote zimejaa mchanga mweusi. Noelene alimtikisia kichwa, akimsihi kwa macho.

Kerrie aliweka keki chini, akachukua taulo la vyombo, akaanza kumfuta baba yake vidole, kimoja kimoja.

"Tangu lini amekuwa hivi, Mama?" aliuliza bila kuinua macho.

"Kabla ya Krismasi."

"Na tangi, nani alikuwa analitunza?"

"Mimi."

"Unasikia?" Athol alisema. "Anakiri mwenyewe, maskini. Niahidi hutamwacha peke yake."

"Nilimwacha, Baba," Kerrie alisema. "Sitamwacha tena. Leo silali Cairns."

Athol aliitikia kwa kichwa, ameridhika kama dereva aliyekabidhi zamu. Noelene akalia, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, wala hakujificha.

Athol hakumwona. Alikuwa ameinama juu ya ndoo, ambamo yule samaki alikuwa amejiinua kidogo, akielea mshazari.

"Mzuri huyu," alisema. "Ni wa kwetu?"

"Ni Gladys," Noelene alisema, akipiga magoti karibu naye. "Ni wa kwetu."