Profaili ya Tano

Likizo ile nilipewa kazi ya heshima: kuwauliza watu wazima wanazionaje simu zao. Mama mdogo alikuwa na mkataba na kampuni ya utafiti, na sebule yake ilikuwa imegeuka ofisi. Palikuwa na meza ya kulia, kompyuta mbili, hedifoni zilizofungwa kwa utepe wa gundi, na kochi lisilokaliwa na mtu kwa sababu nguo za kupigwa pasi zililiwahi. Kompyuta ya kwanza aliitumia dada mmoja jirani tuliyemwita Redio, kwa kuwa hazimwi. Ya pili ikawa yangu.

Mama mdogo alinisomea sheria akiwa amesimama.

"Unasoma kilichoandikwa. Huongezi, hupunguzi. Hubishani na mhojiwa hata akikwambia mwezi ni mkate. Kila simu inarekodiwa, na naisikiliza mwenyewe kabla haijatumwa. Na ndugu hahojiwi. Muulize Redio."

"Nilimhoji shemeji yangu," Redio akasema. "Wakaifuta. Na mwenyewe alikuwa ameoga kabisa kwa ajili ya mahojiano."

Kazi ilinifaa. Muhula ule sauti yangu ilikuwa imevunjika na kutua chini kabisa, kama gunia la mahindi. Bwenini waliniita Askofu tangu siku nilipoongoza mazishi ya godoro la kiranja, marehemu kwa kunguni. Mwalimu wa nidhamu alisimama nyuma ya waombolezaji, akangoja tuseme amina, ndipo akatugawia mafyekeo.

Basi nikahoji. Bibi mmoja alitaka kujua kivinjari ndicho nini.

"Ni programu unayotumia kufungulia tovuti, mheshimiwa mhojiwa."

"Mimi nabonyeza pale penye wajukuu, mwanangu."

"Kwa alama moja hadi tano, umeridhika kiasi gani?"

"Tano. Wamenenepa."

Dereva wa lori alisema ujanja wote wa simu janja unaishia betri ikifika nusu; baada ya hapo ni tofali lenye kioo. Mama mmoja alisifu huduma yake ya filamu: "Nikikaa sana inaniuliza kama bado nipo. Mume wangu hajawahi kuniuliza hivyo." Niliandika yote kwa uso wa mazishi. Redio alicheka kwa niaba yangu.

Mtu aliyechaguliwa na kompyuta akikataa, sheria iliruhusu umtafute mwingine wa jinsia na umri wake. Huyo aliitwa mbadala. Mbadala wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa nidhamu. Hakunitambua. Alikiri kwamba hutazama tamthilia za mapenzi kila Jumapili, akatoa alama tano, akaniomba nisiandike kwamba analia. Nilimshukuru kwa muda wake. Siku nyingine ningeviringika sakafuni. Safari hii nilinywa maji nikapiga simu inayofuata.

Nilikuwa hivyo tangu likizo ianze. Nilijua lini jambo linachekesha, kama mtu anavyojua saa kwa kuangalia ukutani.

Sababu ilikuwa ndogo. Baba alipohama kwetu aliondoka na nguo, redio ya gari na ngazi, lakini akaunti yake ya filamu ilibaki wazi kwenye televisheni ya mama. Ndani yake kulikuwa na profaili yangu, aliyoitengeneza mwenyewe akaipa jina Kipara, enzi nilipojinyoa kwa wembe wake. Miaka yote ya sekondari nilikuwa nikirudi likizo naikuta. Mimi na baba hatukuongea sana; nikimpigia alisema, "Nitakupigia baadaye, niko na mteja." Lakini Kipara alikuwepo, na filamu zake zilizoishia katikati. Safari hii niliwasha televisheni nikakuta imeandika: ingiza nenosiri.

"Limebadilishwa," mama alisema, akipiga pasi sare yake ya kazini. "Nenda kwa mama yako mdogo, kuna kazi."

Nilitaka kujua jambo moja tu: kama Kipara amefutwa. Dodoso letu lilikuwa na swali hilohilo, ukurasa wa tatu.

Siku ileile ya mwalimu, mwanamume mmoja wa umri wa baba alinikatia simu. Namba ya duka la baba nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye tangazo lake la kuuza simu na kubadilisha vioo. Mama mdogo alikuwa jikoni.

"Una mbadala?" Redio akauliza.

"Ninaye."

Aliitika mara moja. Nikamsomea salamu ya kampuni kwa sauti ya askofu.

"Maoni kuhusu simu?" akasema baba. "Kijana, umempata mwenyewe! Uliza."

Nikauliza kuhusu vivinjari. Akasema vivinjari vyote ni sawa, wabaya ni watu: wanafungua kurasa hawafungi, halafu wanamletea simu inachemka kama pasi. Nikauliza kuhusu simu. Akasema simu nzuri ni ile inayotoka dukani kwake, nyingine ni vioo vya kujitazamia.

"Je, unajiona una ujuzi kiasi gani wa kurekebisha mipangilio ya vifaa vyako?"

"Weka tano. Mimi nafungua simu iliyomshinda mwenyewe. Naweka, natoa, nafuta. Tano!"

Nyuma yake mtoto alipiga kelele: "Baba! Katuni imekwama!"

"Ngoja, baba anaongea na wakubwa."

Nilitarajia kuhisi kitu hapo. Nilihisi kiti tu. Mguu wake mmoja mfupi.

"Akaunti yako ya filamu ina profaili ngapi?"

"Tano."

"Tafadhali taja kila moja ni ya nani."

"Yangu. Ya mama watoto. Za mapacha, kila mmoja na yake, la sivyo wanauana."

Nikangoja. Sheria ilisema usimsaidie mhojiwa kuhesabu.

"Na ile nyingine haina mtu," akasema. "Yaani yupo. Haitumiki."

Mshale ukaruka wenyewe hadi swali la ziada. Nikalisoma lilivyoandikwa.

"Profaili isiyotumika haijafutwa kwa sababu gani? Moja, sijui namna ya kuifuta. Mbili, natarajia mwenyewe ataitumia tena. Tatu, sijawahi kufikiria."

Katuni ilikuwa imekwamuka. Nilisikia muziki wake.

"Hebu rudia."

Nikarudia, neno kwa neno.

"Andika ya kwanza," akasema baba. "Andika sijui namna ya kuifuta."

Sikubishana. Nikabonyeza moja. Nikamuuliza kama ana maoni mengine.

"Maoni yangu ni hiyo sauti yako, kijana. Ungefaa kutangaza vifo."

"Asante kwa muda wako, mheshimiwa mhojiwa."

Chini kabisa ya dodoso kulikuwa na swali la mhojaji mwenyewe: Je, mhojiwa ni ndugu yako? Niliweka Hapana. Lilikuwa swali jepesi kuliko yote.

"Amejibu?" Redio akauliza.

"Yote."

"Hao ndio mbadala! Wangu wote wananiuliza kama kuna zawadi."

Mama mdogo alirudi na kitambaa begani, akavaa hedifoni kukagua simu za asubuhi. Alimsikiliza bibi wa wajukuu akatabasamu. Akamsikiliza mwalimu, akanitazama kwa jicho moja. Kisha akafika kwa mbadala wangu. Mkono uliokuwa unafuta meza ukasimama.

Alisikiliza hadi mwisho. Akarudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena kipande. Alimfahamu shemeji yake huyo tangu siku ya posa. Sauti yake asingehitaji kuambiwa.

"Umeandika si ndugu," akasema.

"Nimeandika."

"Nani kakuruhusu kuandika uongo kwenye kazi yangu?"

Redio alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote.

Mama mdogo akaniwekea mkono mmoja begani, wa pili akashika kipanya changu. Akaondoa alama kwenye Hapana, akaiweka kwenye Ndiyo. Skrini ikaleta mstari mwekundu: mahojiano yamefutwa, mhojiwa ni ndugu wa mhojaji. Majibu yote ya baba yakatoweka, vivinjari, vioo na alama zake tano. Ule mstari mwekundu ndio uliobaki. Niliusoma polepole, kama tulivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Haya," mama mdogo akasema, mkono wake ukiwa bado begani kwangu. "Tafuta mbadala mwingine."