Sauti ya Chumba

...na mtu asisogee, ndivyo alivyosema Solomiia, mtu asisogee, asikohoe, asimeze mate kwa kelele, dakika mbili tu wakubwa wangu, tunarekodi sauti ya chumba, na Nelia ameketi na hedifoni masikioni na kinasa sauti mkononi, mkono ameunyoosha kuelekea kidevu cha Tymofii kama alivyofundishwa, upana wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, na mdomo wenyewe sasa umefungwa, umekwisha kusema ulichosema na hauna habari, na Nelia anautazama akijiuliza kama kweli umelitamka jina lile au ni yeye tu, maana jina hilo hulisikia hata kwenye maji ya bomba... hapana, umelitamka, Borys Hnatovych, ghorofa ya tatu, nyumba namba kumi na nne, nyuma ya kiwanda cha mikate, Lysychansk, na nyuma ya kiwanda cha mikate hakukuwa na kina Borys Hnatovych wawili, alikuwa mmoja tu, baba yake. Usisogee. Siku ya kwanza ya mafunzo ya kurekodi Solomiia aliwaeleza kwamba kila chumba kina sauti yake hata watu wakinyamaza, mabomba, taa, pumzi, unairekodi halafu unaitandika chini ya mahali ulipokata maneno, ili sikio la msikilizaji lisitumbukie shimoni, na Nelia alicheka akamwambia, binti yangu, tumekimbia mizinga kutoka huko mpaka Chernivtsi ili tufundishwe kurekodi kimya? na Tymofii nyuma yake akadakia, kirekodi tu mama, kwetu kilikuwa adimu hicho, na wote wakacheka, wakimbizi kumi na wawili ndani ya nchi yao wenyewe, chini ya maktaba, kwenye viti vilivyoshushwa humo kwa ajili ya ving'ora. Tymofii ndiye mchekeshaji wao. Dereva wa basi la kuhamisha watu vitani. Jana alimletea mikate ya mbegu za mipopi, akasema, kula Nelia Borysivna, umekonda mpaka kinasa sauti kinakushinda uzito... Nelia Borysivna, Nelia wa Borys, wiki sita kila asubuhi anamwamkia kwa jina la baba yake, na leo ametoa Borys mwingine kifuani mwake na hata hajashtuka kwamba jina ni lile lile, na kwa nini ashtuke, Borys wako wengi, na ukoo Nelia anatumia wa mume, na wiki iliyopita Nelia aliposimulia habari zake, akimwita baba tu bila jina, Tymofii hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe kliniki.

Na swali aliuliza nani? Yeye. Uliza swali fupi kisha funga mdomo, Solomiia amewafundisha hivyo, usimsaidie mtu, usimmalizie sentensi, mwache atafute mwenyewe, na Nelia leo alitaka asifiwe, mwanafunzi wa miaka hamsini na minne anataka kusifiwa, akauliza, Tymofii Lukych, ni siku gani hujawahi kumsimulia mtu? akafunga mdomo. Tymofii akatabasamu, akajikuna goti, akatazama sakafu, tabasamu likaisha. Yupo mmoja, akasema. Wengine wote niliwabeba, yule mmoja sikumbeba. Juni ile, karatasi inasema Borys Hnatovych, ghorofa ya tatu, anatembea mwenyewe. Nikapanda mpaka ya pili. Ngazi za juu zimejaa vioo na matofali, na huko nje wanapiga, wanapiga karibu. Nikaita, Borys Hnatovych, basi limefika. Nikaita mara tatu, sauti yangu unaijua. Kimya. Basini nina watu kumi na saba, mmoja mjamzito ananipigia kelele tuondoke. Sasa ile karatasi ina safu mbili tu, Amechukuliwa na Amekataa, safu ya Sikufika mlangoni haipo, wala usiitafute. Nikaweka alama kwenye Amekataa. Nikajiambia kakataa, wazee wengi walikataa, wanakushikia jiko la makaa kama mtoto. Nikaondoka. Ndivyo alivyosema, kwa sauti yake hiyo hiyo ya kuuliza chai iko wapi, na Solomiia akajifuta jicho kwa mkono wa sweta akasema, asante, sasa sauti ya chumba, mtu asisogee.

Amekataa. Neno hilo lilimfikia Nelia kwa simu, sauti ya mwanamke wa wale wa kujitolea, pole dada, mzee wako amekataa, na yeye akajibuje? Mungu wangu, alijibu, ndiye huyo, hajawahi kukubali kitu maishani mwake, na akacheka, alicheka kweli, jikoni kwa watu, na masufuria ya watu, kisha akakasirika, akakaa na hasira hiyo miaka miwili na nusu akiilisha na kuivisha, mzee mkaidi, aliyekataa kuacha mgodi hata baada ya mlipuko wa gesi kumla masikio, aliyekataa kuuza kile kishamba cha miaprikoti, na sasa kakataa basi lililofika mpaka mlangoni, kachagua kufa ili aniache mimi na la kujibu. Ujumbe alimtumia siku moja kabla, mtandao ulishika dakika chache, kesho saa nne asubuhi basi linakufuata, jiandae, usichelewe, na simu ikaonyesha umefika, na baba hakujibu, Nelia akakihesabu kimya kile kuwa jibu. Kumbe. Halafu vuli Klavdia wa ghorofa ya kwanza alipopata simu akampigia, alikuwa analia, Nelia mwanangu, tulimkuta koridoni ndani kwake, ameketi kwenye stuli chini ya ile taa, moyo nadhani, tumemzika uani karibu na bembea, akili zilikuwa zimemruka maskini, koti la baridi mwezi wa Juni, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kofia, na mfuko magotini... na kwenye mfuko kuna nini, Nelia aliuliza, na Klavdia akataja, hati zake, picha ya mama yako, chupa moja ya jamu. Akili zimemruka. Nelia alikubali. Yeye! Yeye aliyetoka Lysychansk mwezi wa Aprili amevaa makoti mawili na buti za theluji, kwa sababu kisichoingia mfukoni unakivaa, kila mtu aliyeketi humu chini anajua hilo, muulize yeyote, alivaa nini siku ya kuondoka. Baba alikuwa amevaa kuondoka. Na Klavdia alisema jingine, mlango haukuwa umefungwa, tulisukuma tu tukaingia, na hilo nalo Nelia alilipitia juu juu kama mtu anayeruka tope, mlango haukuwa umefungwa, baba ambaye alikuwa akifunga komeo mbili hata akienda kutupa taka, aliuacha wazi ili wamwone, kwa sababu taa imekufa, umeme ulikatika tangu Mei, na ile taa ndiyo iliyokuwa kengele yake, ukibonyeza huku nje inawaka ndani, baba anaiona, anakuja anaburuta ndara, nani huyo, kwa lile lisauti lake la mtu asiyejisikia akisema.

Hasikii. Baba hasikii. Na mtu huyu alisimama ghorofa ya pili akaita.

Kati ya ya pili na ya tatu kuna vidato kumi na nane, Nelia alivihesabu kila siku akirudi shule, kumi na nane, na kidato cha kumi na moja kimemeguka pembe, na mtu huyu hapa, mwenye kidevu hiki kilichonyolewa vibaya, alikuwa chini ya kidato cha kwanza, angepanda tu, angepanda huku anatukana, angemkuta mzee ameketi na kofia yake, mfuko tayari, na Nelia anatamani kumpiga na hiki kinasa sauti cha watu, puani, atoe damu, aseme, mjinga wewe, mwoga wewe, mtu hukumfikia ukaandika kakataa, umenifanya nimchukie marehemu... na kwenye hedifoni anaisikia pumzi yake Tymofii, ina mluzi kidogo upande mmoja wa pua, inaingia, inatoka, mtu ambaye hata kumtazama haogopi, macho yake yako hapo, mekundu, yanamuuliza Nelia, nimesema vizuri? ni hivi ulivyotaka? Kwa nini hukupanda. Kwa sababu nje wanapiga. Kwa sababu kuna mjamzito. Kwa sababu umeita mara tatu kwa sauti ya radi na mtu mzima anayetembea mwenyewe hajaitika, sasa ungewaza nini? Anatembea mwenyewe. Karatasi ilisema anatembea mwenyewe. Na karatasi iliambiwa na nani...

Solomiia anainua kidole kimoja, imebaki dakika. ...iliambiwa na Nelia. Simu ile ya kwanza, amesimama dirishani kwenye nyumba ya watu, na yule mwanamke anauliza harakaharaka, jina? Borys Hnatovych. Umri? Themanini na moja. Ghorofa? Ya tatu. Anatembea mwenyewe? Anatembea, anatupita sisi sote. Dawa? Za presha, asubuhi na jioni. Kuna jingine? na Nelia akasema, ndiyo, mwambieni dereva amkalishe mbele, nyuma anatapika, na yule mwanamke akacheka, akaandika, asante dada. Kuna jingine? Aliulizwa. Aliulizwa kwa Kiukreni safi, kuna jingine, na yeye akakumbuka kutapika. Hakukumbuka masikio, kwa sababu nani nyumbani kwao aliwahi kuyataja masikio, baba hakuwa mgonjwa, baba alikuwa baba, unakanyaga sakafu mara mbili anageuka, basi, miaka arobaini, tangu Nelia yuko darasa la tano, mbili za mguu na chakula kiko tayari, mbili za mguu na simu ni yako, nikuandikie, mbili za mguu mpaka Klavdia huko chini anawagombeza, jamani nyumba itaanguka, na kwao ilikuwa ya kawaida kama kuvua viatu mlangoni, nani amweleze mgeni kwamba sisi huvua viatu. Maneno mawili. Baba hasikii. Yangeandikwa pembeni kwa penseli na Tymofii angepanda, au asingepanda, lakini asingeita, na asiyeita hawezi kusema kaitwa kakataa... Anakishika upya kinasa sauti, kwenye hedifoni unasikika mkwaruzo wa vidole kwenye plastiki, Solomiia anakunja uso, tulia. Atulie vipi. Ijumaa kipindi chake kinatoka mtandaoni, Baba Aliyekataa, kichwa amekichagua mwenyewe na darasa likampigia makofi, dakika kumi na mbili za sauti yake akiwaambia walimwengu kwamba baba yake hakutaka kuja kwake, na pale sauti ilipokatika kwa kilio Solomiia ametandika sauti ya chumba, safi, hutambui kama kuna mshono. Na hii nayo itatandikwa. Kimya hiki kitawekwa chini ya neno Amekataa la Tymofii, na watu watasikiliza wakipika supu yao ya borshi, wataguna, maskini dereva, wazee ni wakaidi, na baba atakuwa amekataa mara ya pili, mbele ya watu wote, na shahidi ni binti yake mwenye hedifoni. Akinyamaza sasa Tymofii ataenda nyumbani mwepesi. Akinyamaza sasa hakuna atakayejua kuna jingine. Bomba linaguna ukutani, taa inavuma, mtu juu anaburuta kiti, vyote hivi baba hakuvisikia hata kimoja, aliketi chini ya taa iliyokufa anautazama mlango...

Mguu wa Nelia ukapiga sakafu. Mara mbili.

Tymofii akaruka, akatazama dari kama wanavyoitazama wote, na Solomiia akashusha mikono, jamani, zilibaki sekunde tano, nani huyo? haya, tunarudia. Ni mimi, Nelia akasema, usizime. Akakiondoa kinasa sauti kwenye kidevu cha Tymofii, akakigeuzia mdomoni mwake mwenyewe, upana wa kiganja kimoja.

"Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukimwita Borys Hnatovych," akasema. "Alikuwa hasikii, Tymofii Lukych. Nilisahau kuwaambia."