Krosi ya Nne

Ilikuwa siku ya tatu Severini analala chali chini ya ile Datsun kuukuu ya mbio, na ungemuuliza angekuambia kwamba magari ya viti viwili yaliundwa na watu wasiowapenda mafundi. Ekseli za nyuma zilikuwa na krosi nne, vile viungo vya chuma vyenye umbo la msalaba vinavyoiruhusu ekseli kupinda huku ikizunguka. Zote zilikuwa zimelika, na kazi ilikuwa kuzitoa na kutia mpya. Tatu zilitoka kwa nyundo na maneno machafu. Ya nne ilikataa tangu asubuhi hadi adhuhuri, na ilipokubali Severini hakuwa na nguvu hata ya kufurahi.

Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku tatu. Mwaka wa pili huu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Pale gereji, Mafiga, hakuna aliyejua. Fundi asiyeona nani atampelekea gari? Alifanya kazi kwa vidole. Mficha uchi hazai, watu husema, lakini wengi wanaosema hivyo wana pensheni.

Saa tisa alasiri Mwalimu Jesca, mwenye gari, alifika kutoka Kilakala na begi la safari. Kesho yake dada yake mtawa alikuwa anatimiza miaka hamsini ya utawa kule Mgeta, naye alikuwa ameapa kwenda na gari aliloachiwa na marehemu mumewe.

"Shikamoo, fundi. Imepona?"

"Marahaba, Mwalimu. Imepona. Washa uisikilize."

Injini ikanguruma. Severini akaenda mezani kuchukua vyuma vya zamani. Desturi yake ilikuwa kumkabidhi mteja kila alichokitoa, kimeoshwa kwa mafuta ya taa, asije akadhani ameuziwa maneno. Akavipanga kwenye kitambaa, vidole vikipapasa mikwaruzo ya kila kimoja. Cha nne hakikuwa na mikwaruzo.

Akakipapasa tena. Laini, kama yai. Hii ilikuwa krosi mpya. Ile ya zamani, aliyoiosha ikatakata, ndiyo aliyoirudisha kwenye ekseli mchana ule, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa nyundo.

Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono dirishani apokee. Angejua nini? Mgongo wa Severini ukamsihi anyamaze. Lakini barabara ya Mgeta aliijua tangu utotoni, kona zake na makorongo yake, na mawazoni akamwona mama huyu akiteremka huku ekseli imekatika.

"Zima gari, Mwalimu."

"Kuna nini tena?"

"Nimerudishia krosi mbovu. Sikuiona. Sioni vizuri. Mwaka wa pili sasa."

Mwalimu akazima gari. "Na breki zangu mwaka jana, ulizifungaje?"

"Kwa vidole."

Severini aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akapiga magoti, mifupa ikilia, akaanza kupandisha jeki, maana kazi ilikuwa palepale, macho yawepo yasiwepo. Alidhani atasikia hatua zikiondoka.

Alisikia kitenge kikitandikwa. Mwalimu Jesca alijilaza kando yake na viatu vyake vya kanisani, akawasha tochi ya simu.

"Haya, fundi," alisema kwa uchovu. "Niambie nitazame wapi."